Tulivyohama Mombasa kwenda Mtwapa na hesabu ya nyumba ilivyogeuka

Kila mwezi hakukosi mtu wa kuniuliza, shoga yangu ama jamaa wa upande wa mume, kama ni kweli mtu akitoka Mombasa akavuka daraja la Mtwapa akaingia kaunti ya Kilifi maisha yashuka bei. Kodi yashuka, hilo ni kweli kabisa wala sibishani na mtu. Lakini kodi ni kitu kimoja tu kwa hesabu ya nyumba, na mimi niko huku tangu mwanzo wa 2019, nimeona watu wakija na magodoro juu ya kenta na nimeona wengine wakirudi kisiwani kabla mwaka haujaisha, kwa hivyo wacha niandike yote mara moja, mwenye kuhama asome, mwenye kukaa akae.

Sisi tulikuwa twaishi Tudor, ghorofa ya tatu, vyumba viwili, kodi 18,000. Baba watoto alikuwa karani kwa yadi moja ya makonteina upande wa Changamwe, kazi ya makaratasi ya kliaringi, yaani kutoa mizigo bandarini, na mimi nashona, madera na yunifomu za shule, cherehani iko chumbani ubavuni mwa kitanda. Wateja wangu walikuwa majirani wa lile jengo basi, maana nani atapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu kumtafuta fundi asiyemjua? Katika kila shilingi mia iliyoingia nyumbani, themanini ilikuwa yake na ishirini yangu, na hiyo ishirini ni mwezi mzuri, wa kufungua shule ama karibu na Idi.

Halafu ikaja reli mpya, SGR. Treni ya abiria ilianza mwisho wa Mei 2017 na watu walifurahi, hata sisi tulifurahi, tukapanda na watoto. Ya mizigo ilianza Januari 2018 na hapo ndo watu wa kliaringi walianza kuona mabadiliko. Zamani konteina ilikuwa yashuka melini, yapelekwa yadi, yakaguliwa, yalipiwa ushuru, halafu trela labeba mpaka Nairobi ama Kampala, na kila hatua pale kuna mtu anapata chakula chake: karani, mpakiaji, dereva, tanboi, fundi wa pancha, mama anayeuza wali nje ya geti, mwenye lojing'i kule Mariakani. Reli ilipokuja konteina ikawa yatoka melini yapanda behewani moja kwa moja mpaka Embakasi, Nairobi, yakaguliwa huko. Mzigo ni ule ule, meli ni zile zile, lakini zile pesa ndogo ndogo zilizokuwa zamwagika njiani zikahama kaunti. Agosti 2019 ikatoka amri kabisa kwamba mizigo yote ya Nairobi na bara ipite SGR, watu wakawa waandamana Mombasa kila Jumatatu, Oktoba ikasimamishwa, lakini wakati huo kampuni nyingi zilikuwa zishapunguza watu. Kwetu ilikuwa mapema zaidi, mwisho wa 2018 mshahara wake ulikatwa karibu nusu, akaambiwa avumilie mpaka hali itengemae.

Hapo ndo tukakaa chini na karatasi kutafuta pa kuhamia.

Kwale, kaunti ya upande wa kusini, tuliiacha kwa sababu ya feri ya Likoni. Ng'ombeni na Kombani kodi ilikuwa chini kuliko hata Mtwapa, lakini mtu wa kazi ya Changamwe akikwama Likoni asubuhi, hiyo siku imeharibika, na wakati ule hakukuwa na njia ya Dongo Kundu ya kukatiza moja kwa moja mpaka Mwache kama sasa. Mtwapa tulipata nyumba ya chini, vyumba viwili na sebule, kodi 9,000. Nusu ya Tudor. Ukiangalia hiyo 9,000 iliyobaki mkononi unaona umetajirika, sasa fuata hesabu na mimi.

Nauli ya baba watoto wakati ule, Mtwapa mpaka mjini 80 halafu mjini mpaka Changamwe 50, kwenda na kurudi 260 kwa siku, na hiyo ni bei ya saa isiyo na msongamano, mvua ikinyesha makondakta wataja bei yao. Kwa mwezi wa siku 26 ni 6,760. Watoto wawili wanaosoma bado kisiwani, 50 kwenda 50 kurudi kila mmoja, siku 22, hiyo 4,400. Jumla 11,160. Kodi imeshuka 9,000, nauli imefika elfu kumi na moja na ushei, na bado hatujagusa maji, kwa sababu mfereji wa huku unatoka siku unayotaka wenyewe, siku nyingine wanunua kwa mkokoteni, mtungi 20, mitungi mitano kwa siku, hiyo 3,000 nyingine kwa mwezi. Cha kuumiza zaidi ni kwamba chanzo cha maji cha Baricho chenyewe kiko Kilifi hii hii, maji yachimbwa pale kando ya mto Sabaki yapita kwa mabomba makubwa mpaka Mombasa, na watu wa vijijini ambako bomba limepita bado wachota mtoni. Hili laniudhi mpaka leo na nalisema kila baraza ya chifu nikipata nafasi.

Kwa hivyo kwa karatasi, kuhama kulikuwa hasara, na tulihama tukijua hivyo. Watoto tuliwahamisha shule muhula uliofuata, wakaingia shule ya msingi ya serikali waenda kwa miguu na chuo cha Kurani cha jioni kiko nyuma ya nyumba, nauli yao ikaondoka. Lakini hata hapo faida ya kodi ilikuwa imeliwa yote. Tulichokifuata Mtwapa ni baraza. Ile nyumba ilikuwa na baraza ya saruji yenye paa, yatazama njia inayoshuka kutoka barabara kuu, watu wapita kutwa, na mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima wa Kichonyi, alikubali niweke cherehani pale nje bila kuniongeza hata shilingi, alisema tu, "We mwanangu shona, mimi nikipita nipate mtu wa kusalimiana naye."

Hili ndilo ningependa mtu alishike kama anafikiria kuhama. Watu wapiga hesabu ya mwanamume mmoja na mshahara wake na nauli yake, halafu wakasema kumehamika ama hakuhamiki. Nyumba ina watu zaidi ya mmoja wenye mikono. Uliza kila mtu mzima wa nyumba hii, kule aendako mkono wake utapata kazi kuliko hapa ama utakufa? Kwa baba watoto Mtwapa ilikuwa mbali na kazi. Kwangu mimi ilikuwa mara ya kwanza kazi yangu kuonekana na mtu anayepita njia. Miezi ya mwanzo nilikuwa nashona viraka na kupunguza suruali, ishirini, hamsini, kisha yunifomu, kisha watu wa harusi wakaanza kuniletea vitambaa. Nimeona nyumba nyingine imekwenda kinyume, mke ana genge lake Kongowea la miaka na wateja wake, mume akavutwa na kodi ya Mtwapa, genge likafa, na pato la nyumba likashuka zaidi ya ile kodi waliyookoa. Hao ndo wale waliorudi.

Sasa nifike 2020, mwaka wa korona.

Sisi tulikuwa tukisema "tumehama kaunti" kama maneno tu, kwa sababu daraja la Mtwapa unalivuka bila kufikiri, upande huu Kilifi upande ule Mombasa, hata majina hayafuati mpaka, wadi yetu huku yaitwa Shimo la Tewa na jela ya Shimo la Tewa iko ng'ambo, Mombasa. Basi Aprili 2020, wiki ya kwanza, rais akatangaza hakuna kuingia wala kutoka Nairobi, na kuanzia Jumatano tarehe 8 saa moja jioni hivyo hivyo kwa Mombasa, Kilifi na Kwale, kila kaunti peke yake. Mpaka ukasimama pale darajani, polisi na vizuizi. Mizigo ya chakula yapita, wewe hupiti.

Ile Jumatano ilikuwa siku ya kuamua. Kazi iko Changamwe, bandari haikufungwa, akibaki nyumbani anafutwa, akivuka hajui atarudi lini. Nakumbuka alirudi saa sita mchana badala ya jioni, akala, akafunga nguo kwenye begi la shule la mtoto mkubwa kwa sababu ndilo lililokuwa karibu, akaweka na ile kanzu ya Ijumaa. Mavyaa akapiga simu akasema avuke, kazi haichezewi, shemeji yangu wa Mikindani atampa pa kulala. Akapanda matatu ya saa tisa. Nyumba moja ikawa kaunti mbili, na pato likabaki upande ule na matumbo upande huu.

Pesa alikuwa akituma kwa M-Pesa, kidogo kidogo chini ya elfu moja kwa sababu wakati ule za chini ya elfu hazikukatwa ada, wengi walifanya hivyo. Lakini baada ya wiki chache mshahara wenyewe ukaanza kuja robo. Na huku watu wote watakiwa kuvaa barakoa, za dukani ni ghali, na mimi nina cherehani barazani. Kitambaa cha pamba kiko Mombasa, kwa maduka ya jumla. Basi yule aliyekwama ng'ambo akawa ndo mletaji wangu, ananunua kitambaa na lastiki mjini, anampa dereva wa kenta ya vitunguu anayevuka na mzigo, kenta yashusha Mtwapa sokoni, mimi nakuja kuchukua furushi limenuka vitunguu mpaka lazima ulianike. Nashona mchana, taa ikiwaka nashona usiku, kafyu ni saa moja jioni kwa hivyo nyumba zote zimefungwa na mlio wa cherehani wasikika mtaa mzima. Barakoa 50, kwa jumla 35. Wenye maduka wakanichukulia. Mtoto wangu mkubwa alikuwa hana shule, shule zimefungwa nchi nzima, akajifunza kukata na kupima, na mkono wake kwa kukata hadi sasa ni mzuri kuliko wangu.

Mei pale Old Town ikafungwa na mji ukapoa, kitambaa kikawa shida, tukashona hata mashuka. Tarehe 7 Juni Kilifi na Kwale zikafunguliwa lakini Mombasa ikaongezewa mwezi, kwa hivyo sisi tuko huru na yeye bado yuko ndani, mpaka tarehe 7 Julai ndo akavuka. Alirudi na begi lile lile na barua ya kampuni kwamba wamesimamisha makarani mpaka watakapoitwa. Hawakuitwa. Septemba 2022 rais mpya alipoapishwa akatangaza kwamba mizigo yarudi kukaguliwa Mombasa, watu wa kliaringi walisherehekea na walikuwa na haki ya kusherehekea, lakini yadi aliyofanyia kazi baba watoto ilikuwa ishafunga geti, na vijana wenye kompyuta walikuwa washachukua yale makaratasi.

Nataka nisimame kidogo hapa kwa sababu hili watu hawalisemi. Mwanamume aliyekuwa aleta themanini kwa mia akianza kuleta ishirini, nyumba yabadilika harufu. Hakunipiga wala hakunitukana, ni mtu mpole, lakini alikuwa akitoka asubuhi kama aenda kazini, avaa shati la kola, akakaa maskani hadi adhuhuri. Mavyaa alikuwa akinipigia akiniambia mwanawe amekonda. Mimi niliona la busara ni kutolitaja mbele ya watu, pesa za soko nampa yeye asubuhi anunue samaki na mboga, na mteja akija kuulizia bei ya kazi kubwa, kama yunifomu za shule nzima, namwambia azungumze na baba watoto, maana mahesabu na risiti na kudai ni kazi aliyoifanya miaka mingi na aijua kuliko mimi. Pole pole ikawa ni kazi yake kweli. Dada zangu mnaopitia haya, mtu aliyepoteza kazi kwa sababu mzigo umehamishwa reli hakuwa mvivu, mpeni nafasi ya kushika kitu.

Kilichomtoa maskani kabisa ni wahamiaji wenzetu. Watu kutoka Mombasa na hata Nairobi walikuwa waja kununua ploti, futi hamsini kwa mia, kuanzia Mtwapa mpaka Kanamai na Vipingo, na mwenye ploti hujenga. Mawe ya kujengea yachimbwa hapa hapa Kilifi, kwenye matimbo, yakatwa kwa mashine yapakiwa lori. Akaanza kuwa mtu wa kati, anajua makaratasi, anajua madereva wa malori ambao nao walikosa safari za Nairobi, anapeleka mawe na kokoto na simenti mpaka kwa fundi. Pato likarudi. Halijafika lile la 2017, na lina miezi mikavu, hasa mvua za Aprili na Mei ambapo mjengo husimama. Lakini laingia hapa, lalipwa hapa, na kodi ya leseni yalipwa Kilifi. Ilituchukua kama miaka mitatu tangu tuhame sisi wenyewe hadi kipato nacho kihame, na katika miaka hiyo mitatu ndo nyumba nyingi huvunjika.

Na hao tuliowakuta? Huku kwa Wagiriama na Wachonyi na Wajibana ardhi ina kidonda cha zamani, tangu sheria ya hati ya 1908 ya ukanda wa pwani ambapo watu wengi wa Mijikenda hawakuandikwa, wakajikuta ni maskwota kwenye makaburi ya babu zao. Sasa mtu kama huyo, ama mwenye kipande kidogo cha hati, akija mnunuzi na laki kadhaa taslimu, auza. Nimeona kijana auza, anunua bodaboda mbili, karamu, baada ya mwaka bodaboda moja imeibiwa na nyingine imekufa injini, na yeye abeba mawe kwenye nyumba inayojengwa pale pale alipozaliwa. Hawe mmoja, yaani bibi mzee, jirani yetu aliwakatalia wanawe katakata, alipanda minazi mipya akiwa na miaka yake zaidi ya sabini ili waone aibu kuing'oa, na kila akija kwangu kushonewa hando, ile sketi ya marinda ya wanawake wa huku, ananiambia nyinyi wa mjini mkija njooni, lakini pangeni, msinunue kwa mtoto asiye na mkewe mbele. Na mimi nimelishika. Kama wataka kununua fanya upekuzi ofisi ya ardhi, pata idhini ya bodi ya ardhi, na ona familia yote kwa macho, mke, mama, ndugu. Bei ya chini yenye machozi nyuma yake usiichukue. Kodi nazo zimepanda, ile nyumba ya 9,000 sasa ni 14,000, na wanaoumia kwanza ni walimu na wafanyikazi wa hoteli wa hapa hapa ambao hawakuhama kutoka popote.

Jambo la mwisho ni la kura na sensa, watu hulidharau. Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 tulihesabiwa Mtwapa, tuko katika wale watu 1,453,787 wa Kilifi, Mombasa ilitoka na 1,208,333. Pesa za serikali kuu kwenda kaunti hugawanywa kwa fomula ambayo ndani yake kuna idadi ya watu na kiwango cha umaskini, kwa hivyo sisi kulala huku kuliiongezea Kilifi kitu. Lakini kitambulisho na kura zilikuwa bado Mvita, kule Mombasa. Nilipokwenda kuomba basari, yaani msaada wa karo, ya mtoto wa sekondari huku niliambiwa mpiga kura wetu kwanza, kule Mombasa nikaambiwa mama wewe unaishi Kilifi. Mtoto alikaa nyumbani wiki nzima kwa sababu ya karo, na mama yake analipa leseni, analipa maji, amehesabiwa. Ukiugua nako ni hivyo hivyo, rufaa yatoka huku yaenda Coast General, Mombasa, na kule wauguzi walalamika kwamba kaunti za jirani zawajazia wodi. Wana haki kulalamika na mgonjwa ana haki kutibiwa, hizi kaunti mbili zafaa zikae meza moja juu ya maji, hospitali na basari za watoto wa watu waliovuka, maana wanaovuka daraja lile kila asubuhi ni watu wale wale.

Kwa hivyo ukihama, kabla ya kutafuta fundi wa pazia, nenda IEBC, tume ya uchaguzi, uhamishe kituo cha kura, uchaguzi wa 2027 ukikukuta umeandikwa kwingine hao wa wadi hawatakujua. Barua ya chifu chukua mapema, na fungua faili ya hospitali ya karibu wakati bado mko wazima. Mimi yangu nilihamisha, basari ya mwaka uliofuata nikapata, elfu sita, ilisaidia. Baba watoto amekataa, yeye bado ni wa Mvita, asema mamake yuko kule na makaburi yao yako kule, na mimi hilo nimemwachia.